Njaa Tatu na Matuta ya Ukambani

Watu wa Ukambani, nchi iliyo kusini mashariki ya Nairobi, zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Mwaka wa salama ulipita bila ya jina. Mwaka wa taabu ulipewa jina, na jina hilo likashika mahali pa tarehe. Mtu aliyezaliwa wakati wa njaa alielezwa umri wake kwa jina la njaa ile, na mgogoro wa shamba uliamuliwa kwa kuuliza kama ulianza kabla yake au baada yake. Katika Kikamba njaa kuu huitwa yua, na orodha ya njaa hizo ni ndefu. Tatu kati yake zatosha kuonyesha jambo ambalo kumbukumbu za mvua peke yake haziwezi kulionyesha. Ya kwanza ni Ngomanisye, ya mwisho wa karne ya kumi na tisa. Maana yake ni njaa iliyoenea kila mahali, isiyomwachia mtu pa kukimbilia. Ya pili ni Ndeke, ya mwaka 1961; maana yake ni ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilishuka kutoka angani. Ya tatu ni Nikwa Ngwete, ya mwaka 1984. Maana yake ni nafa nami nimeshika, yaani fedha zimo mkononi lakini chakula cha kununua hakipatikani.

Kila jina ni ushuhuda wa kile kilichokosekana. Katika njaa ya kwanza kilikosekana kila kitu. Katika ya pili palikosekana chakula na njia ya kukifikisha. Katika ya tatu mkulima alikuwa na fedha lakini soko lilikuwa tupu. Kati ya jina la kwanza na la tatu haikupita hata miaka tisini. Nchi ilikuwa ile ile na mvua yake ilikuwa ile ile isiyoaminika, ila watu wake walizidi kuwa wengi. Katika wilaya ya Machakos, kwa mipaka yake ya zamani iliyoingiza na Makueni, palihesabiwa watu 238,000 mwaka 1932, na mwaka 1989 walikuwa 1,393,000. Kwa hesabu ya kawaida, njaa ya tatu ilipaswa kuwa kali kuliko ya kwanza mara nyingi. Haikuwa hivyo. Mbingu hazikuwa zimegeuka kuwa karimu. Aliyegeuka ni mkulima. Habari ya namna alivyogeuka, na ya muda ambao alikataa kugeuka, ina mafunzo kwa kila mtu anayetafakari leo jinsi wakulima watakavyoishi na mabadiliko ya hali ya hewa.

Nchi yenyewe yataka kufahamika kwanza. Katikati yake vimesimama vilima vya Iveti, Mua, Mbooni na Kilungu, ambako hewa ni baridi na mvua ya mwaka mwema yaweza kupita milimita 1,000. Kutoka vilimani ardhi hushuka kuelekea mashariki na kusini, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokauka, hata katika nyanda za chini mkulima hupata nusu ya mvua ile au zaidi kidogo. Mvua hiyo nayo haiji kwa pamoja. Huja kwa misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kila msimu ni mfupi. Katika sehemu za chini wakulima huitumainia vuli kuliko masika. Zaidi ya hayo mvua hupenda kuanguka kwa kishindo, siku chache za gharika zikifuatwa na majuma ya jua kali. Kwa hiyo mkulima wa Ukambani hukabiliwa na adui wawili wanaosaidiana: maji yanayokuja kwa wingi yakachukua udongo, na maji yanayokosekana wakati mbegu inapoyahitaji. Mfano wake ni mtu aliyeletewa mshahara wake wote kwa siku moja, na mfuko wake una tundu.

Kabla ya utawala wa Kiingereza dawa kubwa ya Wakamba dhidi ya ukame ilikuwa nafasi. Familia ilikuwa na ng'undu, shamba lililolimwa na kurithiwa, ambalo mwenyewe aliweza hata kuliuza. Ilikuwa na kisesi, mahali pa kulishia mifugo. Na nje ya hapo palikuwa na weu, pori la wote, ambalo mtu yeyote aliweza kulifungua. Ardhi ikichoka au mvua ikikataa, vijana walihamia weu, ng'ombe walipelekwa mbali, na jamaa walikwenda kwa majirani Wakikuyu kubadilishana mali kwa chakula. Wakamba walikuwa pia wafanyi biashara mashuhuri. Misafara yao ya pembe za ndovu ilifika Mombasa na miji mingine ya pwani katika karne ya kumi na tisa, na biashara hiyo ilikuwa akiba ya pili pembeni mwa ghala. Mtama, mawele, wimbi, mbaazi na kunde zilipandwa pamoja katika shamba moja, ili kinachoharibikiwa kiachiwe nafasi na kinachosalimika.

Ngomanisye ilivunja milango yote hiyo kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, ambao walikuwa benki ya watu wale. Kisha, kuanzia 1897, mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na ndui ikafuata njia za wale waliotangatanga wakitafuta chakula. Majirani nao hawakuwa na kitu. Watu wengi mno walikufa, na vijiji vingine vilibaki mahame. Wakati ule ule reli iliyotoka Mombasa ilikuwa ikipita mpakani mwa nchi hiyo, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mvua iliporudi na watu wakaanza kujikusanya, walikuta mambo mapya: mipaka. Sehemu nzuri za Mua na nyanda zilizowazunguka zilitengwa kwa walowezi, na ardhi ya Yatta ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Wakamba waliwekewa eneo lao, wakaambiwa wakae humo. Dawa ya nafasi ilikuwa imekwisha, ingawa ilichukua miaka thelathini kabla ya ugonjwa kuonekana wazi.

Ulipoonekana, ulionekana katika udongo. Watu waliongezeka ndani ya mipaka isiyoongezeka; ng'ombe waliongezeka vile vile; plau iliyokokotwa na maksai ikaanza kuenea, ikifungua mashamba makubwa kuliko jembe la mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuja nzige, na katikati ya miaka ya 1930 ukaja ukame wa kufuatana. Malisho yakawa vumbi. Mvua iliponyesha juu ya vumbi hilo haikuzama, bali iliteremka na udongo wa juu, ikachimba makorongo, ikapaka mito rangi nyekundu. Mwaka 1937 mtaalamu wa Serikali wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha iliyowaona watu wa Machakos wakiporomoka katika ufukara na ardhi yao ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Picha zilizopigwa miaka ile zinathibitisha kwamba aliyoyaona kwa macho yalikuwa kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Ukambani ulikuwa umekwisha kuwa korongo.

Lakini kuona ugonjwa ni jambo moja na kumjua mgonjwa ni jambo jingine. Maofisa waliona ng'ombe wengi mno, wakaamua wapunguzwe kwa lazima. Mwaka 1938 mifugo ilianza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo, wakati kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kuhitaji ng'ombe. Kwa mwenye mali hesabu haikuwa ya udongo. Ng'ombe ndiye aliyemvusha mtu katika njaa, ndiye aliyelipa mahari, ndiye aliyekokota plau; na aliyekuja kumchukua alikuwa Serikali ile ile iliyokwisha kuchukua malisho. Julai mwaka ule umati mkubwa wa wanaume, wanawake na watoto ulikwenda Nairobi, ukapiga kambi kwa majuma kadhaa ukidai kumwona Gavana, Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kulazimisha, na ng'ombe waliosalia wakarudishwa. Barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina la Muindi Mbingu hata leo.

Mwanafunzi wa historia afanye haki kwa pande zote mbili. Maofisa hawakukosea waliposema kuwa ardhi inakwisha; wakulima hawakukosea waliposema kuwa dawa iliyoletwa ingewaua kabla ya ugonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ofisa alitazama mteremko akaona udongo unaoondoka. Mkulima alitazama mteremko ule ule akaona mkataba wa maisha yake, ambao ulikwisha kuvunjwa na wengine mara moja, na ambao sasa yeye alitakiwa kulipa fidia yake. Baada ya vita vya pili vya dunia Serikali ilirudi na mpango mpana zaidi na fedha nyingi zaidi. Kuanzia 1946 watu wa kila kijiji waliitwa asubuhi mbili kwa juma kuchimba mitaro ya kukinga maji, na trekta zikaletwa kusaidia. Kwa sehemu nyingine watu walilala chini mbele ya trekta hizo, maana waliamini kuwa mtu akilimiwa na mashine ya Serikali, shamba lake halitachelewa kuitwa la Serikali. Hofu hiyo haikuwa upumbavu; ilikuwa kumbukumbu.

Mitaro ya awali ilichimbwa kwa namna iliyokuja kuitwa fanya chini: mtu huchimba mtaro kwa kufuata mstari wa usawa wa kilima, na udongo huutupa upande wa chini. Kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu udongo hutupwa kuelekea unakotaka kwenda wenyewe. Lakini mvua ya kwanza hujaza mtaro kwa mchanga, na mtaro usiozibuliwa hufurika, na ukifurika mahali pamoja huanzisha korongo jipya. Kazi ya kuzibua haikuwa na mwisho wala haikuwa na faida iliyoonekana ghalani. Kwa hiyo msimamizi alipoondoka, mitaro nayo iliondoka. Si ajabu kwamba mengi ya matunda ya asubuhi zile za lazima hayakudumu.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1950, tena yalianza kwa mambo manne yaliyokutana. La kwanza lilikuwa namna nyingine ya kuchimba: fanya juu. Hapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, ukafanywa ukingo. Ni kazi nzito, kwani mchimbaji hupambana na uzito wa udongo na wa mteremko pamoja. Lakini kila mvua inapoteremsha udongo na maji, ukingo huvizuia vikakaa shambani, na baada ya misimu kadhaa kipande cha shamba kati ya ukingo na ukingo huanza kulala sawa, kama ngazi. Kilima hujijenga chenyewe kwa nguvu ya mvua ile ile iliyokuwa ikikibomoa. Jambo la pili lilikuwa mwethya, desturi ya zamani ya majirani kukusanyika na kusaidiana kazi kwa zamu. Maofisa wa maendeleo ya jamii walikubali kwamba watu wachague wenyewe wa kufanya nao kazi, wachague viongozi wao na shamba la kuanzia. Waliojaa katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, maana wanaume wengi walikuwa kazini mijini au katika jeshi na polisi.

Jambo la tatu lilikuwa faida. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Machakos alizuiwa kulima kahawa. Katika miaka ya 1950 kizuizi kiliondolewa, kwa sharti kwamba miche ipandwe juu ya matuta ya ngazi. Mara moja tuta likawa na bei. Vivyo hivyo mboga na matunda vilipata soko katika mji wa Nairobi uliokuwa ukikua, na katika viwanda vya kutia vyakula makoponi. La nne lilikuwa mtaji: askari waliorudi kutoka vitani na vibarua waliofanya kazi mijini walileta fedha, na nyingi zilinunua plau, maksai na mikokoteni. Hivyo mkono wa kuchimba, fedha ya kuanzia, soko la kuuzia na haki ya kurithisha kilichojengwa vilikuwa mahali pamoja. Kati ya hivyo, haki hiyo ya mwisho haikuletwa na Serikali. Ilikuwamo ndani ya ng'undu tangu zamani, nayo ilitoa sababu ya mtu kujitaabisha leo kwa tuta litakalomfaa mwanawe.

Lugha yenyewe imehifadhi alama ya safari hii. Fanya juu ni maneno mawili ya Kiswahili katika umbo la amri. Yalikuwa sauti ya msimamizi kwa vibarua katika nchi ambako Kiswahili kilikuwa mara nyingi lugha ya kuamrisha. Leo maneno hayo yamo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya mataifa mbalimbali, hayafasiriwi, na yule anayeyatamka Ukambani hamwamrishi mtu. Anataja mali yake.

Ushahidi mkubwa wa kwamba matuta yalikuwa yamekwisha kuwa ya wenyewe ulipatikana baada ya 1963. Uhuru ulipokuja kazi ya lazima ilikwisha. Kwa muda baadhi ya watu walifurahi kuiacha, na matuta machache yakaharibika, kwa kuwa yalinuka ukoloni. Aliyetazama juu juu angedhani mambo yote yatarudi 1937. Lakini picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1948, 1961 na 1978, zilipolinganishwa, zilionyesha kinyume chake: mashamba yenye matuta yaliendelea kuongezeka katika miaka ile ambayo Serikali haikuwa na mpango mkubwa wa kuyajenga, na kufikia 1978 katika vilima karibu shamba lote lililolimwa lilikuwa na matuta. Misaada ya serikali na ya nchi za nje, iliyoongezeka tangu katikati ya miaka ya 1970, iliwakuta watu wakiwa tayari njiani. Maofisa wa zamani walihubiri tuta kwa ajili ya kuokoa udongo; wakulima walilikubali hasa kwa ajili ya kuokoa maji. Katika nchi kavu mvua iliyozuiwa mahali ilipoanguka ni sawa na mvua ya pili, na mahindi yaliyo nyuma ya ukingo hukaa kijani siku kadhaa baada ya yale ya mteremko mtupu kujikunja majani.

Mahindi yenyewe yana historia yake. Katika karne ya ishirini yaliwashinda mtama na mawele, ingawa nafaka hizo za zamani huvumilia ukame kuliko mahindi. Walaji waliyapenda, soko liliyataka, na tena ndege hawayali kwa urahisi kama mawele. Jambo hili lilikuwa na uzito watoto walipokwenda shule na kuacha kazi ya kuamia. Hivyo faida moja ililipiwa kwa hatari nyingine: nchi ya mvua fupi ilijikabidhi kwa mmea wenye kiu. Jibu lilitoka katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, ambako wataalamu walichagua na kuchanganya mbegu kwa miaka mingi mpaka wakatoa, mwishoni mwa miaka ya 1960, mahindi yaliyoitwa Katumani. Sifa yake haikuwa kuvumilia kiu, bali kuikwepa. Huchanua mapema na kukomaa katika muda wa miezi mitatu au minne, kabla ya msimu kufunga mlango. Katika mwaka wa neema mahindi ya muda mrefu huyashinda. Katika mwaka wa dhiki yale mengine huwa mabua matupu, nayo Katumani huwa yamekwisha kubeba.

Wakulima hawakuyapokea mahindi hayo kama amri. Wengi waliyapanda kando ya mbegu zao za zamani, wakayaacha yachanganyike, wakachagua magunzi waliyoyapenda. Walipanda katika udongo mkavu kabla ya mvua ya kwanza, ili mbegu isipoteze hata tone. Walipanda kwa mistari nyuma ya plau ili palizi iende upesi. Walibakiza mbaazi, ambayo mizizi yake huenda chini sana na huendelea kuzaa mahindi yakisha kuvunwa. Mtaalamu alitoa mbegu moja, mkulima akaifanya sehemu ya mashauri yake mengi. Hii ndiyo tabia ya kilimo cha nchi kavu: hakitafuti mavuno makubwa kuliko yote, kinatafuta mwaka usio na maangamizi.

Kwa mwanga huo majina ya njaa yanasomeka vizuri zaidi. Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko makubwa. Njia zilikatika, na ndege zikaleta chakula. Jina Ndeke ni la watu ambao bado walisubiri kuokolewa kutoka nje. Mwaka 1984 masika yalikosekana karibu kabisa, na Serikali ililazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Lakini wakati huo nyumba nyingi zilikuwa na fedha za kahawa, za mboga, za mshahara wa mtoto aliyesomeshwa. Taabu ilikuwa kwamba fedha hazikuwa na cha kununua mpaka shehena zilipofika. Nikwa Ngwete ni kilio, na mtu asikigeuze kuwa sifa. Hata hivyo ni kilio cha watu waliokuwa na kitu mkononi, na tofauti ya kilio hicho na Ngomanisye ni kazi ya vizazi viwili.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoitwa More People, Less Erosion, kikieleza historia hii kwa hesabu na picha. Walionyesha kwamba watu walipoongezeka mara karibu sita, udongo ulihifadhiwa zaidi, miti ya mashambani haikupungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilizidi ile ya miaka ya 1930. Kitabu hicho kilishangaza wengi waliozoea kuona wingi wa watu kama hukumu ya ardhi. Wataalamu waliofuata walileta onyo la haki. Walionyesha kuwa wastani huficha: mwenye mshahara wa Nairobi aliweza kuajiri vibarua, kununua samadi na kujenga matuta mema, asiye na mshahara alibaki na kipande kidogo kilichochoka, na mara nyingine akakiuza kwa yule mwenzake. Matuta yalikuwa ya nchi nzima, lakini mavuno hayakuwa sawa kwa wote. Mwenye kuisoma historia ya Ukambani kama hadithi ya ushindi mtupu atakuwa ameisoma nusu.

Nusu nyingine imezidi kuwa muhimu katika karne hii. Joto la Kenya limeongezeka kwa kiasi cha nyuzi moja tangu miaka ya 1960, na joto likizidi, maji yale yale hukauka upesi zaidi. Masika yamedhoofika kwa miaka mingi ya karibuni. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ilikosa mvua ya kutosha kwa mfululizo katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini ya Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika kumbukumbu za miaka arobaini. Kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 yalileta mafuriko yaliyoua watu na kubomoa njia. Adui wawili wa zamani ni wale wale, ila kila mmoja ameongeza nguvu. Akiba ya ghala moja, iliyotosha kuvuka msimu mmoja mbaya au miwili, haivuki mitano.

Wakulima hawakukaa kimya. Katika mito ya msimu vikundi vilivyorithi roho ya mwethya vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto, mvua hujaza mchanga nyuma yake, na maji hujificha kati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mchanga, uliokuwa alama ya aibu ya ardhi iliyoteremka, umefanywa ghala la maji. Katika Makueni maembe ya kupandikiza na machungwa yameshika mahali pa mahindi katika mashamba mengi. Choroko na kunde zimerudishiwa heshima. Visima vya plastiki vya kukusanyia maji ya mvua vimechimbwa kando ya nyumba. Mtama nao, uliodharauliwa kuwa chakula cha wazee, umepata tena watetezi. Lakini aliye na uwezo wa kuchimba kisima hicho au kungoja mwembe uzae ni yule mwenye kitu cha kumlisha wakati wa kungoja. Anayeishi kwa kibarua cha siku hadi siku hawezi kungoja mti. Hapo ndipo onyo lile la wastani unaoficha linaporudi kudai jibu.

Mipango ya leo ya kuwasaidia wakulima wakabili hali mpya ya hewa ina maneno mapya na vyombo vipya, vikiwamo utabiri wa misimu, bima ya mazao na mbegu zilizochaguliwa kwa ustadi mkubwa. Vyote hivyo vyaweza kufaa. Lakini historia ya Ukambani inadai kila mpango ujibu maswali yale yale ambayo mitaro ya 1946 haikuyajibu. Je, ardhi itabaki ya nani baada ya kazi? Faida itaonekana lini, na ghalani mwa nani? Nani atakayebeba gharama ya misimu ya kungoja? Na je, mkulima ameulizwa, au ameamriwa tu? Mtaro mmoja uliochimbwa kwa hofu ulijaa mchanga katika mvua ya kwanza. Kilima kile kile, mwenyewe alipopewa sababu, kilikatwa ngazi kutoka kileleni mpaka bondeni kwa sururu, sepeto na mikono ya wanawake, na ngazi nyingi katika hizo zinalimwa hadi leo na wajukuu wa waliozichimba.